Majina Mengi, Dhamiri Moja
Wako wasemao kuwa mwenye majina mawili katika intaneti ana nyuso mbili. Mwaka 2007 Korea ya Kusini iliwaamuru waandikao katika tovuti kubwa wathibitishe majina yao halisi, ili matusi yakome. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliitangua amri hiyo: uhuru wa kusema ulibanwa, na upungufu wa maana wa maovu haukuonekana. Basi ubaya haukai katika jina, hukaa katika nia. Mgonjwa aulizaye habari za maradhi yake kwa jina la kubuni hamdhulumu mtu. Atukanaye wenziwe kwa jina lake halisi awadhulumu. Kificho kisitiricho dhiki ya mwenyewe ni stara. Kificho kiletacho dhiki kwa mwingine ni mtego. Majina yaweza kuwa mengi. Dhamiri haina budi kuwa moja.