Wafagiaji wa mapafu: Amana tunayoichoma kwa moshi

 

Ndugu Waislamu, kila siku tunatawadha. Tunasukutua na kupandisha maji puani, mara tatu tatu kama ilivyo Sunna. Huo ni usafi tulioamrishwa kuufanya kwa mikono yetu. Lakini upo usafi mwingine ambao Allah (sw) ameuweka ndani ya miili yetu, mahali ambapo maji ya udhu hayafiki. Katika Surat Adh-Dhaariyaat, aya ya 21, tumetakiwa tuzitazame alama zilizomo katika nafsi zetu. Basi tuitazame hii moja.

Kuanzia puani hadi ndani ya mapafu, njia za hewa zimefunikwa na chembe hai zilizoota vijinywele viitwavyo silia. Chembe moja huwa na silia zipatazo 200, na urefu wa kila moja haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Juu yake lipo tabaka la ute unaonasa vumbi na vijidudu. Silia hupiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, kwa kufuatana kama shamba la mpunga linapopitiwa na upepo, zikiusukuma ute huo hadi kooni tukaumeza au kuutema. Kazi hiyo haisimami hata tukiwa usingizini.

Hapa Chekereni ninapofundisha Maarifa ya Uislamu, mfano wake hauhitaji maabara. Wakulima wa mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi wanajua kuwa maji ya mito Rau na Njoro hayafiki mashambani iwapo mifereji imejaa tope na majani. Mapafu ni hivyo hivyo. Ute ukituama, vijidudu hupata makazi. Hapo ndipo huja kichomi cha mara kwa mara, kikohozi sugu, na hatimaye njia za hewa zenyewe huharibika.

Wapo wanaozaliwa na silia zisizofanya kazi. Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Uswisi alieleza habari za wagonjwa wa kifua sugu ambao moyo wao ulikuwa upande wa kulia. Mwaka 1976 mtaalamu Björn Afzelius wa Sweden akaonyesha sababu: ndani ya silia zao vimekosekana vijimkono vya protini vinavyozifanya zipige. Na kwa kuwa silia husaidia kupanga kulia na kushoto kwa mtoto angali tumboni, karibu nusu ya wenye maradhi haya viungo vyao vya ndani hugeuka upande. Mkia wa mbegu ya kiume nao umejengwa kwa namna hiyo hiyo, hivyo wanaume wengi wa aina hii hupata shida ya uzazi.

Maradhi haya ni ya kurithi na ni nadra. Lakini funzo lake ni kubwa. Mtoto anayekohoa tangu kuzaliwa asisemwe kuwa amerogwa, wala mke asiyeshika mimba asiachwe kabla mume naye hajapimwa. Mtume (saw) ametufundisha kutafuta tiba, na Hospitali ya KCMC haiko mbali. Aidha, kikohozi kilichofikia wiki mbili kipimwe kifua kikuu.

Sasa tuje kwetu sisi tuliopewa silia nzima. Tumezifanyia nini? Moshi wa sigara huzilemaza, na ukidumu huziua. Kile kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ni mwili unaojaribu kufanya kwa nguvu kazi ambayo wafagiaji wake hawaiwezi tena. Inakuwaje mtu asafishe pua mara tatu kwa ajili ya swala, kisha atoke msikitini na kuwasha sigara barazani? Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiharamisha sigara, wakitegemea katazo la kujitia katika maangamizi lililomo katika Surat Al-Baqarah, aya ya 195.

Na wapo wasiovuta, lakini wanavutishwa. Mke anapika kwa kuni kwenye mafiga matatu, jiko halina dirisha, mtoto yuko mgongoni. Asubuhi nawapokea darasani watoto ambao sare zao zinanuka moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kwamba karibu unaongeza maradufu hatari ya kichomi kwa watoto wadogo. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini baba ni mchunga wa nyumba yake leo, naye ataulizwa juu ya alichokichunga.

Asiyeweza gesi atoboe dirisha, akaushe kuni, ajenge bomba la kutolea moshi, na mtoto akae mbali na jiko. Anayevuta aache, kwani silia zina uwezo wa kurudia kazi yake moshi ukikoma. Fedha ya pakiti za mwezi mzima ingesaidia kununua jiko sanifu kwa mama watoto.

Tumuombe Allah (sw) atupe afya, na atujaalie kuilinda amana hii. Amin.