Sadaka ya Rockefeller na Deni la Ludlow

Mwaka 1905, bodi ya misheni ya Kanisa la Kikongregesheni mjini Boston ilitangaza kwamba imepokea dola 100,000 kutoka kwa John D. Rockefeller, mwenye Standard Oil. Kwa bodi iliyokuwa ikiendesha shule na hospitali ng'ambo kwa michango ya waumini wa kawaida, hiyo ilikuwa neema kubwa. Lakini wachungaji kadhaa wa kanisa hilohilo walikuja juu, wakataka fedha irudi ilikotoka. Aliyesikika zaidi alikuwa Washington Gladden, mchungaji wa Columbus, Ohio, ambaye wakati huo ndiye aliyeongoza baraza la taifa la kanisa hilo.

Gladden alilijua suala hili kwa karibu. Mwaka 1884, wachimba makaa wa Hocking Valley walipogoma, wakubwa wa kampuni yao walikuwa miongoni mwa waumini wake, naye hakuacha kutetea haki ya wafanyakazi kuungana. Kuhusu Standard Oil, nchi nzima ilikuwa imekwisha kusoma makala za Ida Tarbell katika jarida la McClure's, zilizotoka mfululizo kuanzia 1902 hadi 1904. Tarbell alionyesha jinsi kampuni za reli zilivyomrudishia Rockefeller kisirisiri sehemu ya nauli ya mafuta yake, na ilivyofika mahali akataka hata fungu la nauli waliyolipa washindani wake. Wasafishaji wadogo wa mafuta walibanwa hivyo mpaka wakauza walichokuwa nacho au wakafilisika.

Hoja ya Gladden ilikuwa nyepesi kueleweka, lakini ngumu kuimeza. Kanisa likila kwa mtu, litamkemea vipi? Waliomjibu walisema fedha haina dhambi, kwamba dola iliyotoka mkono mchafu humtibu mgonjwa sawasawa na dola ya mjane. Halafu ikafichuka jambo la kuaibisha: fedha ile haikujileta. Bodi yenyewe ilikuwa imeiomba, tena kwa muda mrefu. Baadaye mwaka huo, katika mkutano wa Seattle, Gladden alipendekeza bodi isiwaombe tena mchango watu waliochuma kwa njia za dhuluma. Pendekezo likawekwa kando, na fedha ikabaki.

Rockefeller mwenyewe hakuwa mnafiki wa kuvaa dini kama kanzu ya Ijumaa. Alikuwa Mbaptisti wa dhati. Tangu ajira yake ya kwanza mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 16, aliandika daftarini kila senti aliyotoa kanisani. Hapo ndipo swali linapokuwa zito: mcha Mungu wa kweli, mtoaji wa kweli, na mali iliyopatikana kwa kuwabana wengine. Je, sadaka inaisafisha?

Injili ina kisa ambacho kingewafaa wote waliobishana mwaka ule. Yuda aliporudisha vile vipande 30 vya fedha, makuhani walikataa kuvitia katika hazina ya hekalu kwa sababu vilikuwa bei ya damu, wakanunulia shamba la kuzikia wageni. Walilinda usafi wa sanduku kwa uangalifu mkubwa. Mtu aliyeuzwa kwa fedha hiyo alikuwa bado hai, na hakuna hata mmoja wao aliyeinua mkono kumwokoa. Mjadala wa 1905 nao ulizunguka mno sanduku la misheni. Msafishaji mafuta aliyefilisiwa hakuulizwa anadai nini.

Andrew Carnegie, bwana wa chuma wa Pittsburgh, alikuwa ametangulia kulijibu swali hili kwa kalamu. Katika makala yake ya 1889 kuhusu utajiri, alifundisha kwamba tajiri anapaswa kugawa mali yake akiwa hai, na kwamba kufa na utajiri ni aibu. Watu wengi hulikumbuka fundisho hilo na kumsifu. Wachache hukumbuka sehemu ya pili: kwamba fedha hiyohiyo ikigawanywa kidogo kidogo kwa watu wengi italiwa tu ikaisha, kwa hiyo ni heri ikusanyike mikononi mwa mtu mmoja mwenye akili, naye awatumikie wenzake. Kwa maneno mengine, mshahara mnono ni upotevu, bali maktaba ni baraka.

Mwaka 1892 fundisho hilo lilipimwa Homestead, Pennsylvania. Carnegie akiwa mapumzikoni Uskoti, meneja wake Henry Clay Frick aliwafungia wafanyakazi nje ya kiwanda na kuleta kwa mashua walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton. Watu waliuawa pande zote mbili, wanajeshi wa jimbo wakaingia, na chama cha wafanyakazi kikavunjwa. Miaka sita baadaye Carnegie alifungua hapo maktaba nzuri, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Lakini zamu ya saa 12 katika viwanda vya chuma iliendelea mpaka 1923. Mtu anayetoka tanuruni baada ya saa 12 husoma kitabu saa ngapi? Vyama vya wafanyakazi vya Wheeling, West Virginia, vililiona hilo. Mwaka 1904 viliwahimiza wapiga kura wakatae maktaba ya Carnegie, vikiwakumbusha wafu wa Homestead, na mpango ukaanguka kwenye sanduku la kura.

Kwa Rockefeller, mtihani ulikuja Colorado. Mwanawe, John D. Rockefeller Jr., aliyewahi kufundisha darasa la Biblia la wanaume kanisani New York, ndiye aliyesimamia hisa za familia katika kampuni ya Colorado Fuel and Iron, na hakuna aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wao. Septemba 1913 wachimba makaa wa kampuni hiyo waligoma. Walitaka chama chao kitambuliwe, kazi iwe saa 8, wawe na mpima mzigo wao wenyewe kwa kuwa walilipwa kwa tani, na waruhusiwe kununua chakula nje ya duka la kampuni. Baadhi ya madai hayo yalikuwa tayari sheria ya Colorado. Kampuni iliwatoa katika nyumba zake, wakahamia kwenye mahema.

Aprili 6, 1914, Rockefeller Jr. aliiambia kamati ya Bunge mjini Washington kwamba kanuni ya mfanyakazi kuajiriwa bila chama ni kubwa kiasi cha kustahili gharama yoyote. Aprili 20, askari wa jimbo waliishambulia kambi ya Ludlow kwa bunduki za rashasha, na mahema yakachomwa moto. Chini ya hema moja, wanawake 2 na watoto 11 walikufa kwa kukosa hewa katika shimo walimojificha kukwepa risasi.

Wakfu wa Rockefeller ulikuwa umesajiliwa mwaka mmoja tu kabla, 1913. Mema uliyoyafanya ni makubwa, na haifai kuyapunguza. Msafiri wa Afrika Mashariki mwenye kadi ya chanjo ya homa ya manjano ana sehemu ya fedha hiyo mwilini mwake: chanjo hiyo, ya 17D, ilitokana na kazi ya Max Theiler katika maabara za wakfu huo New York miaka ya 1930, na mwaka 1936 wakfu ulifungua taasisi ya utafiti wa homa hiyo Entebbe, Uganda, ambayo ipo hadi leo. Uhai huo ni wa kweli. Lakini haukumlipa mzazi yeyote wa Ludlow.

Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, aliziona hesabu hizi mbili waziwazi. Nusu ya mali aliahidi kuwapa maskini. Na waliodhulumiwa? Hao aliwahesabu kando, akaahidi kuwarudishia mara nne. Wanazuoni wa fikihi nao hufundisha kwamba mali ya dhuluma hurudi kwanza kwa mwenyewe, na hutolewa kwa maskini pale tu mwenyewe asipopatikana, tena bila mtoaji kutarajia thawabu. Carnegie na Rockefeller walitimiza ahadi ya kwanza ya Zakayo kuliko matajiri karibu wote wa zama zao. Ya pili waliikwepa. Hivyo wapokeaji wa sadaka zao hawakukosea kutibu wagonjwa. Walikosea waliposadiki kwamba hundi imefuta deni, wakaacha kumsemea mdai.

Si wote walionyamaza. Walter Rauschenbusch, aliyekuwa mchungaji wa Kibaptisti jirani na mitaa ya Hell's Kitchen, New York, alichapisha mwaka 1907 kitabu kilichodai dhambi imo pia katika mifumo ya kazi na mali. Mwaka uliofuata, baraza jipya la makanisa ya Kiprotestanti lilidai mshahara wa kuishi, siku ya kupumzika na kukomeshwa kwa ajira ya watoto. Hayo ni mambo ya sheria, na sadaka haiwezi kushika nafasi yake.

Mgomo wa Colorado uliisha Desemba 1914, na wachimbaji hawakupata kitu. Mwaka uliofuata Rockefeller Jr. aliwatembelea, akawaundia baraza la wafanyakazi lililokuwa chini ya kampuni. Chama chao wenyewe kilitambuliwa na kampuni hiyo mwaka 1933, na haki ya kuungana ikalindwa kwa sheria ya Marekani nzima mwaka 1935.