Israfu ya Masikio

Watu wakitajiwa israfu huifikiria harusi ya siku saba, au chakula kinachomwagwa baada ya walima. Hiyo yaonekana kwa macho, na wenye kuikemea ni wengi. Iko israfu nyingine isiyoonekana, inayoingia nyumbani kwa jina la ustaarabu na la kupenda kitu kizuri, na mwenye nayo hujiona bora kuliko wenziwe. Hiyo ndiyo tutakayo kuieleza leo, wala hatutatoa mfano wa mbali, kwani mgonjwa wa maradhi haya tulikuwa sisi wenyewe.

Tulipenda nyimbo tangu utotoni. Nyumba tuliyokulia ilikuwa na redio moja ya betri iliyowekwa dirishani, nayo ikiimba, mtaa mzima husikia: walioketi barazani, wapitao njia, na mama zetu waliokuwa uani wakikuna nazi. Sauti yake ilikwaruza, na usiku ilikuja na kuondoka kama mawimbi, wala hatukumbuki kumsikia mtu hata mmoja akilalamika. Tulipokuwa watu wazima tukapata riziki, tukanunua chombo cha kupigia santuri. Wajuzi wakatuambia kuwa spika zake hazifai, tukanunua nyingine. Spika zilipokuja, amplifaya ikaonekana dhaifu. Amplifaya ilipobadilishwa, sindano ikawa ndiyo yenye ila. Hata tukafika kwenye waya. Waya, ewe msomaji, wa kutoka kwenye amplifaya mpaka kwenye spika, mwendo wa hatua mbili tatu, tuliununua kwa fedha ambazo fundi wa umeme angetandaza waya nyumba nzima na chenji ikabaki.

Hapa wako watakaotukatiza na kuuliza: kwanza mtuambie, muziki wenyewe ni halali au haramu? Mas'ala hayo yana khitilafu kubwa ya wanavyuoni tangu zamani. Ibn Hazm alikuwa na rai yake, wengi wakampinga, na Imamu Ghazali ametenga kitabu kizima ndani ya Ihya juu ya adabu za kusikiliza. Anayeona ni haramu hana haja ya chombo cha bei kubwa wala cha bei ndogo, naye amesalimika na haya tuyasemayo. Maneno yetu ni kwa anayesikiliza.

Basi tulipata nini kwa mali yetu? La kwanza, tulipata kiti kimoja. Vyombo hivi hutoa sauti pande mbili, kulia na kushoto, na pande hizo hukutana sawasawa mahali pamoja tu mbele yake. Ukisogea kando, mwimbaji naye huhama. Tukaweka kiti mahali hapo, tukafunga dirisha ili kelele za njiani zisiingie, tukawakataza watoto kucheza ndani. Redio ya baba yetu ilisikiwa na mtaa. Chombo chetu, kilichozidi redio ile mara mia kwa bei, kilisikiwa na mtu mmoja.

La pili lilitudhuru zaidi, na hatukulitambua ila baada ya miaka. Chombo kizuri hakifichi ila ya santuri. Tulikuwa na nyimbo za Siti binti Saad, yule wa Unguja, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sauti yake kwa Kiswahili katika santuri ambazo kila upande hauzidi sana dakika tatu. Katika redio ya dirishani nyimbo zile zilitutosha. Katika chombo chetu kipya mkwaruzo ulisimama mbele kama mgeni asiyealikwa, na sauti ya bibi yule ikawa nyuma yake. Tukazitia sandukuni, sanduku tukalisukuma chini ya kitanda. Mahali pake tukanunua santuri za kigeni zilizosifiwa kwa usafi: ngoma inayotetemesha kifua, kinubi kinacholia kana kwamba kiko chumbani. Mwimbaji hatukumjua, maneno hatukuyafahamu, wala hatukuzipenda. Tulizipiga kwa sababu zilikifanya chombo kisikike vizuri. Tulinunua chombo kwa ajili ya nyimbo, kisha tukawa twatafuta nyimbo kwa ajili ya chombo, na zile za wazee wetu tukaziona ni takataka.

Siku moja tulikwenda Murang'a kwa tanzia. Mjomba wetu ni mkazi wa Mjini, mtaa wa zamani wa Waislamu katika mji ule ulioitwa Fort Hall zama za Waingereza. Ameishi huko miaka mingi, na Kikuyu akisema, wenyeji hawamtofautishi na wao. Baada ya khitima tukakaa naye barazani. Mkononi alikuwa na kiredio kidogo, uso wake umepasuka na kufungwa kwa ukanda wa gundi. Ukapigwa wimbo wa Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, huko huko Murang'a, mwaka 1939, ambaye amefariki mwaka 2018. Mjomba akainua kidole tunyamaze. Ulipokwisha akatuuliza, "Haya, mpwa wangu, wauonaje?"

Tukamjibu kuwa sauti nzito haipo kabisa, na kwamba gitaa laumiza masikio.

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Nimekuuliza habari ya mtu, wanijibu habari ya sanduku!" Kisha akatufasiria. Wimbo ule ni "Ndari ya Mwarimu," uliotoka mwaka 1969, unaomkemea mwalimu anayemharibu mwanafunzi wake wa kike. Akatueleza jinsi walimu walivyoghadhibika wakatishia kugoma, na jinsi wazazi wa milimani walivyoupokea, kwa kuwa mtu ametamka hadharani jambo lililokuwa likinong'onwa jikoni. Alisema hayo huku kiredio kimelala mapajani mwake, nasi tukaona haya, kwani katika dakika zile chache tulikuwa tumesikia kila kitu ila lililosemwa.

Haya yetu haikuishia hapo. Aliyetuletea chai alikuwa mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili. Ilikuwa Jumanne, saa saba za mchana, na watoto wa shule walikuwa wakipita njiani na sare zao. Tukamuuliza mbona hakwenda shule. Akamtazama babu yake kwanza, kisha akasema kwa upole, "Tumefunga, mjomba." Ndipo tulipokumbuka. Mwezi uliotangulia mjomba alitupigia simu akaomba tumsaidie karo, nasi tukamwambia kuwa hali ni nzito, asubiri. Waya ule tuliununua wiki ile ile. Mjomba hakulitaja neno hilo siku ile, wala hajalitaja mpaka leo.

Tuliporudi tulijaribu kujitetea, kwani nafsi haikosi wakili. Tukasema: kupenda kitu kiwe kikamilifu si israfu, bali ni itkani, na dini yetu yasifu itkani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini itkani ni sifa ya atendaye kazi. Fundi anayechonga udi ausawazishe; mwimbaji aitengeneze sauti yake; aliyeketi kitini akisikiliza ana itkani moja tu, nayo ni kutia moyo wake katika anachosikia. Hiyo hainunuliwi. Wanavyuoni wetu wamekemea israfu hata katika maji ya udhu, ingawa mtawadhaji yuko ukingoni mwa mto, na sisi hatukuwa ukingoni mwa mto wowote.

Kisha tukauliza ikiwa kweli sikio hupata lile ambalo mfuko umelilipia. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walitangaza majaribio yao ya Boston. Waliwapigia watu, wakiwamo mafundi wa kurekodi, sauti iliyorekodiwa kwa utaratibu wa juu kabisa, na sauti hiyo hiyo iliyopitishwa katika kipimo cha sahani za CD za kawaida, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia mara 276, sawa na mtu anayerusha sarafu. Insafu yatulazimu kutaja kuwa mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya namna hii, akaona watu hupatia mara 52 na ushei katika mia, na waliofunzwa hupatia zaidi. Basi tofauti ipo, ila ni nyembamba mno. Tena sikio la binadamu hupungukiwa na sauti za juu kadiri umri unavyosonga, na wenye fedha za vyombo hivi aghlabu si vijana.

Twamkumbuka pia Sheikh Muhammad Rifaat wa Misri, ambaye kisomo chake ndicho kilichofungua Redio ya Kairo mwaka 1934. Hatuifananishi Kurani na nyimbo, hasha. Twazungumza juu ya masikio. Kisomo chake kilichobakia kimejaa mkwaruzo, pengine sauti hufifia katikati ya aya. Pamoja na hayo, wazee wetu wa Mombasa na Lamu hulia wakikisikia, na hatujapata kusikia mmoja wao akisema kuwa angelia zaidi lau waya ungekuwa bora.

Hatusemi kila mwenye spika nzuri ni mwenye makosa. Fundi wa studio ahitaji chombo kinachomwonyesha ila, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Mjukuu wa Kamaru, mwenye jina lile lile la babu yake na anayejulikana kwa KMRU, kazi yake ni sauti. Huzirekodi hata kelele za mji na mngurumo wa umeme akazifanyia sanaa. Mtu wa masikio kama hayo amezitoa upya nyimbo za babu yake watu wapate kuzisikia, wala hakuzisukuma chini ya kitanda.

Sisi tuliuza spika, amplifaya na kinanda chenyewe, kwa chini ya nusu ya tulichotoa. Karo ililipwa mpaka kidato cha nne, na hilo si la kusifiwa, kwani lilikuwa limechelewa muhula mzima. Dirisha li wazi. Nyimbo za Siti tumezipata katika simu, zikilia kwa sauti nyembamba juu ya meza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tumeyafuata maneno yake tangu mwanzo hadi mwisho. Jirani yetu, bibi wa miaka themanini, akayamalizia kutoka upande wa pili wa ukuta. Mjomba hupiga simu kila Ijumaa, na akisikia chochote kinalia nyuma yetu huuliza, "Huo wasemaje?" Waya bado tunao. Tumeutangaza mara tatu, na mnunuzi hajapatikana.