Je, ni halali kutumia dawa ya huzuni kwa kutibu kansa?

Watu huuliza kama ni halali kumpa mgonjwa wa kansa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine, hasa zile wanazopewa watu waliolemewa na huzuni. Wengine hujibu upesi kwamba huo ni udanganyifu.

Sivyo. Dawa haijui jina ililopewa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa iitwayo iproniazidi. Mapafu ndiyo yaliyokusudiwa, lakini madaktari walishangaa kuona waliokata tamaa wakichangamka. Hivyo ikawa mojawapo ya dawa za kwanza za ugonjwa wa huzuni, ingawa baadaye iliachwa kwa kuwa iliharibu maini. Nayo tamoksifeni ilibuniwa Uingereza mwaka 1962 kwa kusudi la kuzuia mimba. Kwa kusudi hilo haikufaa, na leo yawasaidia akina mama wengi wenye kansa ya matiti. Mkristu asione haya kuipokea: kusudi la mtengenezaji halikai ndani ya kidonge.

Sasa wataalamu wanapima kama dawa za huzuni, kama vile fluoksetini, zaweza kuzitia nguvu dawa za kansa. Katika maabara, na kwa panya, matokeo mengine yametia moyo. Lakini panya si mama wa watoto sita, na hapa ndipo penye neno zito. Mwezi wa Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwafundisha madaktari kwamba daktari hana juu ya mgonjwa haki zaidi ya zile alizopewa na mgonjwa mwenyewe. Wala mgonjwa si bwana kamili wa mwili wake. Hata faida ya elimu haitoshi kumfanya mtu kuwa chombo. Kwa hiyo anayejaribiwa dawa aambiwe waziwazi kwamba anajaribiwa. Kumwambia kwamba dawa yaponya, hali daktari anatumaini tu, ni uongo.

Kujaribu kwenyewe si dhambi. Huko Mulago, Kampala, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1967, watoto wenye uvimbe wa taya walitibiwa kwa dawa kadhaa pamoja, na baadhi yao wakapona.

Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni kuchanganya dawa nyumbani. Tamoksifeni haitimizi kazi yake mpaka ini liigeuze. Fluoksetini na paroksetini hulizuia ini lisiigeuze vema. Basi mama mwenye kansa ya matiti, akinunuliwa vidonge hivyo sokoni na jamaa wenye mapenzi mema, aweza kunyang'anywa dawa yake pasipo kujua. Je, aachwe na huzuni yake? La, hasha! Huzuni hiyo yaweza kuwa ugonjwa kweli, wala si upungufu wa imani, na ziko dawa nyingine za huzuni zisizoizuia tamoksifeni namna hiyo. Kuzichagua ni kazi ya daktari. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa Goma, au hata Butaro katika Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa mwaka 2012, achukue vidonge vyote mgonjwa anavyomeza, pamoja na majani na mizizi aliyopewa kijijini, avitandaze mbele ya daktari pasipo kuficha hata kimoja.