Twahara ya Nyumba Yenye Paka

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa chenye kutwahirisha. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mambo ambayo watu wameyachukua kuwa sahali, na hali ni mazito katika dini, ni uchafu wa paka majumbani. Tangu Lamu hata Unguja, nyumba asiyoingia paka ni chache. Na akojoapo juu ya mkeka, au anyapo pembeni mwa chumba, wanaume huwa mafungu mawili. Wa kwanza hupangusa mara moja kwa kitambaa kibichi, akatandika mswala papo hapo akafunga swala. Wa pili hushikwa na wasiwasi: mkeka akautupa, na paka akampiga hata akamvunja mguu. Wote wawili wamekosa njia.

Na ijulikane kwamba paka mwenyewe si najisi. Kabsha binti Kaab bin Malik amepokea kwamba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, na alipomwona Kabsha anastaajabu, alimpa habari ya kuwa Mtume (s.a.w.) amemtoa paka katika najisi, kwa kuwa ni mwenye kuwazungukia watu majumbani mwao. Basi mate yake na jasho lake ni twahara. Ama mkojo wake na mavi yake, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ni najisi. Lakini kuosha mara saba, moja kwa mchanga, ni hukumu ya mbwa na nguruwe, paka hamo.

Namna ya kutwahirisha ni hii. Kwanza huondolewa uchafu wenyewe: mavi huokotwa kwa karatasi, wala hayafagiwi makavu yakarusha vumbi, na mkojo hunyonywa kwa kitambaa kikavu kwa kukandamiza, wala hausuguliwi ukaenea. Kisha humiminwa maji safi mpaka iondoke rangi yake na harufu yake. Ikiwa baada ya juhudi imesalia rangi peke yake, au harufu peke yake, imesamehewa. Zikisalia zote mbili, kazi haijesha. Na mkojo uliokauka usiache alama yoyote, yatosha maji yapite juu yake mara moja. Maji yakiwa machache, ni wajibu yaijie najisi, si nguo yenye najisi itiwe ndani ya maji, kwani hapo maji nayo hunajisika. Kwa hivyo mwenye kitambaa kibichi hakutwahirisha kitu. Ameieneza najisi, kisha akaisujudia juu yake.

Na mwenye wasiwasi naye akumbuke habari ya bedui aliyekojoa msikitini. Watu walimwinukia, na Mtume (s.a.w.) akawakataza wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imiminwe pale. Hapakuvunjwa sakafu wala hakupigwa mtu. Ikiwa hayo ni katika msikiti wa Mtume, mkeka wa chumbani una nini?

Katika zama hizi yamezidi mambo mawili ya kuhadhari. La kwanza ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Haifai kumwagwa juu ya mkojo wa paka, kwani mkojo huo hutoa amonia, na viwili hivyo vikikutana hutoka hewa ya sumu yenye kudhuru pumzi. Wala haichanganywi na siki. Maji na sabuni ndiyo salama.

La pili ni kijidudu kiitwacho toksoplazma, alichokigundua Nicolle pamoja na Manceaux mjini Tunis mwaka 1908. Huenda paka akatoa mayai yake katika mavi. Mayai hayo hayaambukizi siku ile ile. Hupevuka baada ya siku 1 hata 5. Mwanamke mwenye mimba akiyapata kwa mkono au mboga isiyooshwa, naye hajapata kuugua maradhi hayo kabla, huenda yakamfikia mtoto tumboni, yakamdhuru macho na ubongo, au mimba ikaharibika. Kwa hivyo sanduku la mchanga la paka husafishwa kila siku, mavi yakafukiwa mbali na kisima na bustani, na mikono ikaoshwa kwa sabuni.

Na nani wa kuisafisha? Hapa ndipo penye aibu. Mume huketi barazani akamwita mkewe mwenye mimba ya miezi mitano aje aondoe uchafu, akidhani kazi hiyo yamshusha cheo. Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu ya kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka akaenda kuswali. Basi asiyeona haya Mtume, nani awezaye kuiona? Mwanamume akishika ndoo kwa mkono wake, amepata mambo matatu kwa mara moja: swala yake imesalimika, kiumbe wa Mungu hakudhulumiwa, na mtoto aliye tumboni amehifadhiwa.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa katika wenye kujitwahirisha, nje na ndani. Amin.