Aliambiwa Akanawe

Kwetu Kongwa, Tanzania, bibi akipofuka watu huja kumpa pole, na kabla chai haijamiminwa mmoja atasema: ni mapenzi ya Mungu. Mimi hufundisha watoto shule ya Jumapili, kanisa la Anglikana, na Mungu huyo namwamini kwa moyo wote. Ndiyo maana maneno hayo huniuma.

Upofu wa vikope, yaani trakoma, njia yake inajulikana. Mtoto huambukizwa angali mdogo, kwa vidole, kwa khanga moja inayofuta nyuso za wote, kwa inzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Inzi hao huzaliana kwenye kinyesi cha watu kilichoachwa wazi, si ndani ya choo cha shimo. Mtoto hupona, huambukizwa tena, miaka nenda miaka rudi, mpaka kope linajaa makovu kwa ndani, linajikunja, na nywele zake zinakwaruza jicho. Bibi mzaa mama alikuwa na kibano cha chuma alichofunga pindoni mwa khanga pamoja na hela ya chumvi. Asubuhi alikaa mlangoni penye mwanga, akaniita nimng'oe nywele moja moja. Zilipoota tena zilikuwa fupi na ngumu, zikamchoma kuliko za kwanza. Kioo cha jicho kikawa cheupe.

Hapo mapenzi ya Mungu yako wapi? Oman ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, Ghana 2018, Malawi 2022. Malawi tumepakana nayo. Sikubali kwamba Mungu anataka jambo moja ng'ambo hii ya mto Songwe wa mpakani na jingine ng'ambo ile.

Wazee hunijibu kwa Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake. Yesu anasema si huyu wala si wale, bali kazi za Mungu zidhihirishwe. Wengi huishia hapo. Lakini kisa kinaendelea: anampaka tope machoni, anamtuma birika la Siloamu akanawe. Angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyowaponya wengine. Akachagua maji. Na maji hayo hayakujileta mjini. Biblia inamtaja mfalme Hezekia kuwa ndiye aliyetengeneza birika na mfereji. Muujiza wa Yesu ulipita kwenye kazi ya wachimbaji waliokufa zamani. Kwangu mimi, mapenzi ya Mungu katika sura ile yamo pia mikononi mwa wachimbaji hao.

Siku hizi wapo wanaoacha kumsingizia Mungu wakamsingizia mama: mchafu, hanawishi wanawe. Ni kweli kunawa kunasaidia. Utafiti uliofanywa vijijini kwetu hapa Kongwa, ukachapishwa mwaka 1995, ulionyesha hivyo, na kikombe kimoja nikikiinamisha taratibu huosha nyuso za watoto kadhaa. Lakini mama huyo kiangazi hufukua mchanga wa korongo ndipo apate ndoo, na ndoo hiyo ni ya ugali kwanza. Tena yeye ndiye anayelala na watoto wenye tongotongo, akaambukizwa nao. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa trakoma hata mara nne zaidi ya wanaume. Kumlaumu yeye huku kijiji hakina bomba ni ushahidi wa uongo, na amri inaukataza.

Bibi mwenyewe alisema mapenzi ya Mungu mpaka anakufa. Sikumbishia, maneno yalikuwa yake na maumivu yalikuwa yake. Ila sasa mama mdogo naye ameanza kufikicha jicho la kulia na kulikimbia jua. Wataalamu wa macho wanakuja zahanati Jumanne. Kugeuza kope ni operesheni ndogo, kwa sindano ya ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku ileile. Amesema, "Mwanangu, ngoja nimwombe Mungu kwanza." Nimemwambia, "Mama, tutaomba wote, njiani."