Pindo la Ukuta Lina Maana?

Tuseme mwenye nyumba huko Nyarero, wilayani Tarime, amemaliza plasta, dari la jipsamu liko juu, na sasa anamwita fundi rangi azungushie sebule mkanda wa nakshi: pembetatu, miraba, au ile mistari ya kujikunja ambayo Wagiriki wa kale waliichora kwenye vyungu na sakafu. Je, anatafuta uzuri tu, au kuna jambo analolisema?

Mwanafalsafa Immanuel Kant angejibu kwamba hasemi lolote. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uzuri, alitaja michoro ya mtindo wa Kigiriki na majani ya kupambia kingo kuwa mifano ya uzuri huru, usiobeba maana yoyote. Hoja hiyo ina uzito. Nakshi inayojirudia haina kisa wala sura ya mtu, na jicho hupita juu yake likiburudika bila kufundishwa kitu.

Lamu inampinga. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za plasta ya chokaa zilipangwa safu kwa safu, zikiwa na nakshi pembeni, hasa katika ndani, sehemu ya faragha ya nyumba. Upande huo ndiko watoto walikozaliwa, na ndiko maiti walikooshwa. Mwanaakiolojia Linda Donley-Reid alieleza kwamba mapambo hayo yaliikinga nyumba na mabaya. Hii ndiyo sababu nakshi ilizidi kule ambako mgeni hakufika. Kama ingekuwa ya kujionyesha tu, ingejaa barazani.

Mkurya wa Tarime ana mfano wa karibu zaidi. Ng'ombe kwake ni mahari na heshima, na kuta nyingi za kwao zimekandikwa kwa samadi. Samadi hiyohiyo huwa nakshi huko Gisaka, mashariki mwa Rwanda: wanawake hufinyanga mapambo ya ukutani yaitwayo imigongo kwa samadi iliyochanganywa na majivu, kisha huipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, kuwa ndiye aliyeanza kupamba nyumba hivyo.

Biblia nayo inalo pindo. Katika Hesabu 15, Waisraeli wanaamriwa kutia vishada kwenye pindo za mavazi yao, wavitazame na kukumbuka amri. Alama hiyo haikutengewa makuhani peke yao. Aliivaa hata mtu wa kawaida. Kwa mwandishi huyu, hapo ndipo Kant anapopungukiwa: alichunguza umbo la nakshi, akawaacha wanaoamka nayo kila asubuhi.